Shule zikifungwa na madaftari yanafungwa, kwa nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua huwa mnapenda barua fupi ila hii itarefuka kidogo mnivumilie, mkiona inazidi kateni mnapotaka ila ile sehemu ya mwisho msiiguse maana ndo hasa iliyonifanya nikae chini niandike.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeshika chaki miaka mingi tu, na pia ni mzazi, kwa hiyo haya mambo nayaona pande zote mbili. Kila shule zinapofungwa ghafla, iwe ugonjwa, iwe mafuriko, iwe mgomo wa walimu, iwe vurugu, maneno yanayotolewa ni yaleyale: wazazi simamieni watoto wasome nyumbani. Wasome. Sijawahi kusikia mtu akisema waandike. Na mtoto akishaambiwa asome anafungua kitabu anakiangalia, macho yanapita juu ya mistari kama basi linalopita kituo bila kusimama, baada ya nusu saa anakuja kukwambia mama nimemaliza, na kweli ukurasa wa mwisho amefika, sasa muulize umesoma nini, anakujibu nimesoma sayansi.

Kuna mwaka tulirudi baada ya kufungwa miezi kadhaa. Siku ya kwanza sikufundisha kitu, nikawaambia toeni madaftari tuangalie tuliishia wapi, nikaanza kupita dawati kwa dawati. Daftari la kwanza, tarehe ya mwisho ni ile ijumaa tuliyofunga, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula, swali la kwanza limejibiwa, la pili imeandikwa namba na nukta basi. Kuanzia hapo kweupe. La pili hivyohivyo. La tatu kweupe, ila katikati kuna ukurasa mtu na ndugu yake walikuwa wanaandikiana magoli. Yaani ungesema wale watoto wote waliinuliwa kwenye viti kwa dakika moja kalamu zikabaki hewani.

Nikasema haya, andikeni tarehe ya leo na sentensi tano tu za mlichofanya jana. Hapo ndo nikaona kazi. Kuna binti mmoja mwerevu kweli, zamani mwandiko wake ulikuwa unatua juu ya mstari kama ndege kwenye waya wa umeme, siku hiyo herufi zinaelea, nyingine zimepanda nyingine zimezama, b imegeuka d, penseli ameishika kwa ngumi kama kisu, kufika sentensi ya tatu akaanza kukunja na kukunjua vidole. Vipi? Mwalimu mkono unauma. Mtoto wa miaka kumi mkono unauma kwa sentensi tatu! Na kichwani hana shida kabisa, muulize kwa mdomo anakujibu vizuri tu, ila ile njia ya kutoa kitu kichwani kukileta kwenye karatasi ilikuwa imeota majani. Ilituchukua karibu wiki sita kuifyeka, na hizo wiki sita nilikuwa namfundisha vitu ambavyo alishavijua.

Nikafika dawati la nyuma. Huyu kijana simsifii, ni wa katikati tu, hata kwenye mitihani huwa namkuta katikati. Ila daftari lake lilikuwa limejaa. Limejaa mpaka mwisho, likageuzwa juu chini likaanzwa upya kwa nyuma kwenye zile pembe zilizobaki, na kila ukurasa una tarehe. Nikasimama nikasoma. "Leo mvua imenyesha tangu tulipoamka mpaka saa sita nimeweka kopo nje maji yamefika vidole viwili." Ukurasa unaofuata: leo imenyesha tena vidole vitatu. Kuna mahali kajumlisha mvua za wiki nzima kwa vidole! Kwingine kaandika amegombana na dada yake sababu ya chaja na hana kosa, kurasa mbili nzima anajitetea, ushahidi namba moja, ushahidi namba mbili. Makosa ya tahajia tele, r na l zimebadilishana nyumba, nukta hakuna. Lakini siku ile nilipowapa sentensi tano huyu aliandika ukurasa na nusu akaniuliza mwalimu naruhusiwa kuendelea.

Nani alikuwa anakusimamia? Bibi. Na huyo bibi, Mhariri, hajui kusoma. Kila jioni alikuwa anamwambia niletee ukurasa, anauangalia kama umejaa, alafu anaweka kidole popote anapotaka katikati ya ukurasa anasema hapa umeandika nini, nisomee. Na kesho yake anaweza akarudi kwenye ukurasa wa juzi akaweka kidole mahali palepale asikie kama maneno hayajabadilika. Mjukuu atadanganyaje hapo. Toka siku hiyo mzazi akiniambia mwalimu mimi sikusoma siwezi kumsaidia mtoto namsimulia huyu bibi.

Sasa nisieleweke vibaya, sisemi watoto wakopi vitabu. Hilo ndo kosa tulilofanya walimu wengi na mimi nikiwemo, naungama hapa hadharani. Shule zikifungwa tulikuwa tunapiga picha notisi tunatupia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, "wanafunzi wanakili kazi hii", alafu tunajiona tumefundisha. Mtoto anakopi neno kwa neno huku anaangalia katuni, mkono unafanya kazi na kichwa kiko likizo. Mzazi mmoja alinitumia picha ya daftari la mwanae, mtoto alikuwa amekopi mpaka yale maneno ya juu kabisa ya skrini, saa na asilimia ya chaji, 14%, kaandika na kupigia mstari kama kichwa cha habari. Nilicheka, alafu nikaona aibu.

Ninachosema mimi ni ukurasa mmoja kwa siku unaotoka kichwani kwake mwenyewe. Asome anachosoma, afunge kitabu, akiweke mbali, ndo aandike alichokumbuka. Kufunga kitabu ndo kazi yenyewe. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana yoyote alafu anajipima baada ya muda zimebaki ngapi. Baada ya saa moja zaidi ya nusu zilikuwa zishapotea, baada ya siku moja zimebaki kama theluthi hivi, kuanzia hapo upotevu unapungua kasi. Kwa hiyo mtoto kusahau sio ujinga wala sio ukaidi, ndo tulivyoumbwa. Na mwaka 2006 huko Marekani watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari, kundi moja likarudia kukisoma, jingine likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano waliorudia kusoma wakaongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka, walioandika kwa kukumbuka ndo walikuwa mbele, tena kwa mbali. Hapo ndo unaona kwa nini wazazi wengi wanadanganyika, mtoto akisoma mara tatu usiku anaonekana anajua kweli, ila shule hazifungwi dakika tano.

Zinafungwa muda gani? Mwaka 2020 wakati wa korona UNESCO walihesabu karibu wanafunzi bilioni 1.6 kwenye nchi zaidi ya 190 walikuwa nyumbani kwa wakati mmoja, haijawahi kutokea. Uganda walifunga Machi 2020 na shule zikaja kufunguka zote kabisa tarehe 10 Januari 2022. Fikiria mtoto aliyekuwa darasa la kwanza, herufi bado anazichora sio kuziandika, anakuja kukaa tena darasani baada ya karibu miaka miwili. Na kabla ya hapo Sierra Leone walipopata Ebola 2014 shule zilifungwa mpaka Aprili 2015, wakafundisha kwa redio. Redio ni kitu kizuri sana mimi siidharau hata kidogo, lakini redio hairudii, mwalimu wa redio hakuoni umesinzia, akishasema amesema. Mtoto mwenye daftari magotini anaikamata ile sauti kabla haijapita, asiye na daftari amesikiliza tu kama anavyosikiliza matangazo ya dawa ya meno. Televisheni hivyohivyo, video za kwenye simu ndo usiseme kabisa maana bando likiisha na somo limeishia hapohapo, ila karatasi haina bando.

Kuna stori moja naipenda sana darasani. Mwaka 1665 tauni ilipiga Uingereza, chuo kikuu cha Cambridge kikafungwa, wanafunzi wakaambiwa nendeni kwenu. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 22 anaitwa Isaac Newton, akarudi kijijini kwa mama yake, Woolsthorpe, na huko akakaa sehemu kubwa ya muda mpaka 1667. Watu wanapenda kusimulia lile tofaa lililoanguka mtini likamfanya awaze nguvu ya mvutano, la daftari hawasimulii. Alikuwa na daftari kubwa alilorithi kwa baba yake wa kambo, kasisi, ambaye alianza kuandika mambo ya dini akaweka vichwa vya habari juu ya kurasa alafu kurasa nyingi zikabaki tupu. Newton akazijaza hesabu. Hakununua jipya, hakuchana zile kurasa za mzee, alijaza tu palipobaki. Na jina alilolipa ni Waste Book, ndo jina ambalo wafanyabiashara wa kwao walikuwa wanaliita lile daftari la kuandika mauzo harakaharaka kabla ya kuyahamishia kwenye daftari safi, kwa lugha ya darasani kwetu hilo ni daftari la rafu. Kanuni zake za mwanzo za hesabu ya mabadiliko, hizo ambazo wanafunzi wa sekondari zinawatoa jasho mpaka leo, ziko kwenye rafu, zimekatwakatwa, zimefutwa, zimeandikwa upya pembeni. Liko maktaba ya Cambridge mpaka leo na wameliskani liko intaneti, mwenye bando akaangalie uchafu uliomo. Mimi huwa nawaambia watoto wanaochana ukurasa kila wakikosea neno, muoneni huyu.

Najua kuna mtu atasema huyo alikuwa Newton, mwanangu sio Newton. Sawa, na wangu pia sio. Basi tumchukue mtoto. Januari 2009 kule bonde la Swat, Pakistani, wanamgambo walipiga marufuku shule za wasichana, na binti wa miaka 11 akawa anaandika kwa mkono kila siku inavyokwenda, mwandishi wa habari anayachukua maandishi yake yanatolewa kwenye idhaa ya Kiurdu ya BBC kwa jina la bandia, Gul Makai. Ndo huyo Malala Yousafzai, mtetezi wa elimu ya wasichana tunayemjua sasa. Nenda ukaangalie alikuwa anaandika nini. Vitu vidogovidogo kabisa: ameota ndoto mbaya, darasani wamekuja wanafunzi wachache, wameambiwa wasivae sare, avae nguo gani sasa. Ni ukurasa wa mtoto yeyote. Kama angesubiri mpaka awe na jambo kubwa la kusema asingeandika hata siku moja, na ndo kinachowashinda watoto wetu wengi, ukimwambia andika anakuuliza niandike nini sijafanya kitu leo. Mwambie andika hukufanya kitu. Eleza ni kwa nini hukufanya, ulikaa wapi ukiwa hufanyi, nani alikukatiza. Ukurasa utajaa wenyewe.

La uhaba wa madaftari nalijua pia, sijifanyi siishi dunia hii. Shule zikifungwa mara nyingi na kazi za wazazi zinafungwa, daftari linakuwa kitu cha mwisho kufikiriwa na mimi simlaumu mtu. Ila kabla hujasema hamna karatasi, chukua madaftari ya mwaka jana ufungue nyuma uhesabu kurasa nyeupe, utashangaa, watoto wana tabia ya kuacha somo la kwanza wanaanza jipya kabla la zamani halijafika nusu. Kalenda iliyopita mwaka nyuma yake ni nyeupe. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa Marekani, kule ilikuwa hairuhusiwi mtumwa kufundishwa kusoma, na kwenye masimulizi ya maisha yake aliyochapisha 1845 anaeleza jinsi alivyojifunza kuandika: kipande cha chaki ndo kalamu, uzio wa mbao na ukuta wa matofali na sakafu ya njia ndo daftari, na bibi mwenye nyumba akitoka yeye anachukua madaftari ya shule yaliyokwisha ya mtoto wa bwana wake anaandika kwenye zile nafasi zilizobaki katikati ya mistari, anaiga mwandiko wa mtoto mpaka ukafanana. Nikilikumbuka hilo na nikiona daftari la kurasa 96 limetumika kurasa 11 nashindwa hata cha kusema.

Wengine watasema mwalimu umepitwa na wakati, waandike kwenye simu. Kwa mtu mzima sina neno. Kwa mtoto anayejifunza, simu inammalizia neno kabla hajalifikiria, anaandika "nili" inamletea nilikuwa, nilipo, nilienda, anachagua kama anachagua soda. Tena akiwa na simu mkononi ile video ya kuchekesha iko kidole kimoja tu kutoka hapo, na mimi mwenyewe mtu mzima na akili zangu nimeshindwa mara ngapi.

Kwa wazazi nina ombi dogo, msigeuze hili kuwa adhabu. Umekosea, nenda kaandike kurasa tano! Ukifanya hivyo umeshaharibu, kesho akiliona daftari anaona fimbo. Na msishike kalamu nyekundu. Hiyo tuachieni sisi, tena hata sisi tuitumie kwa kiasi, nimeshaona daftari la mtoto lina damu kuliko wino. Wewe kazi yako ni ya yule bibi: uone umejaa, uweke kidole, usikilize. Kama mtoto ameandika neno baya juu yako, na wataandika, vumilia, cheka kama unaweza. Wangu aliwahi kuandika "mama akisema dakika moja ni nusu saa". Nilipima siku iliyofuata, ni dakika ishirini na tano.

Wale wadogo wa darasa la kwanza na la pili ukurasa ni mzigo, mistari minne inatosha na picha moja juu. Wa kidato wanajijua, wao wafunge kitabu waandike jibu la swali la mtihani uliopita kwa muda wa mtihani, saa ukutani. Sitaki kukaa sana hapo.

Ila na sisi walimu tuna deni. Shule zikifunguliwa mtoto analeta daftari limejaa, miezi mitatu ya kazi yake, unamwambia weka pembeni hiyo haipo kwenye silabasi? Nilisikia kwa masikio yangu mwalimu mwenzangu anamwambia mtoto hivyo, sitasema wapi, na mtoto akalirudisha lile daftari kwenye begi taratibu kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Angemchukulia dakika mbili tu, afungue kurasa zozote tatu, aandike pembeni "hapa nimecheka" au "hii mvua ya vidole vitatu ilikuwa tarehe ngapi". Mtoto akishajua kuna mtu atasoma, hata kama ni baada ya miezi, anaandika tofauti. Mimi siku hizi wiki ya kwanza ya kufungua naitumia kwa hilo, mkuu wangu alinuna mwanzoni alafu akazoea.

Sasa nafika kwako Mhariri, ile sehemu niliyosema msikate.

Septemba 1937 mji wa Chicago ulikumbwa na ugonjwa wa polio, shule zikashindwa kufunguliwa kwa wakati. Walichofanya waliweka masomo kwenye redio, vipindi vya dakika kumi na tano, kwa watoto zaidi ya laki tatu, na magazeti ya mji yakawa yanachapisha asubuhi ratiba ya siku, maelekezo na maswali ya kufanya. Yaani mtoto anasikiliza redio, maswali yako gazetini, majibu anaandika kwenye daftari, na shule zilipofunguliwa walimu wakazikagua zile kazi. Ni miaka karibu tisini iliyopita, hakuna intaneti, hakuna simu janja, na gazeti lilikuwa nusu ya shule. Nilipolisoma hilo nikajiuliza mbona magazeti yetu shule zikifungwa yanaandika kurasa kumi kuhusu shule kufungwa na hakuna hata robo ukurasa ya mtoto aliyefungiwa.

Nachoomba ni kona ndogo. Sio ukurasa, kona tu, upana wa tangazo la kiwanja. Zoezi moja kwa siku, la kuandika, lisilohitaji kitabu wala bando, lenye kufanyika na mtoto wa darasa la tatu na wa kidato cha pili kila mmoja kwa kina chake. Msiweke majibu, haya hayana majibu. Gazeti moja linasomwa na nyumba ngapi, linafungiwa vitu, linabandikwa ukutani, hata lililochelewa wiki zoezi lake halijaoza. Na mara mojamoja chapisheni aya ya mtoto kama alivyoandika, na makosa yake, msimsafishe sana. Mtaona madaftari yatakavyofunguliwa majumbani huko mtoto akijua jina lake linaweza kutoka.

Ili msiseme huyu mwalimu anaongea tu, nawaanzishia matatu, mengine thelathini ninayo tayari yako kwenye daftari langu la rafu, nitayatuma bure bila malipo yoyote, mkinijibu.

La kwanza. Mweleze mtu ambaye hajawahi kufika kwenu jinsi ya kutoka barabara kubwa mpaka mlangoni kwenu, kwa maneno tu, usichore ramani. Alafu mpe ndugu yako asome kwa sauti na wewe utembee ukifuata hayohayo maneno uliyoandika na sio unachojua. Ukiishia kwenye ukuta wa jirani, rudi uandike upya.

La pili. Kaa mlangoni robo saa asubuhi na robo saa jioni, hesabu wanaopita, gawanya unavyotaka wewe, wakubwa na watoto, wenye haraka na wasio na haraka, wenye mizigo na mikono mitupu. Piga jedwali. Chini yake andika kwa nini jioni imetofautiana na asubuhi, na kama hujui andika unavyodhani.

La tatu. Muulize mtu mzima yeyote hapo nyumbani ni siku gani aliacha shule au shule ilimwachia, ilikuwaje, na kitu gani alikuwa katikati ya kujifunza siku hiyo. Usiandike anapoongea, sikiliza mpaka amalize, ondoka, kaa peke yako ndo uandike yote unayokumbuka kwa maneno yake. Alafu rudi umsomee. Akikataa neno lolote likate kwa mstari mmoja, usilifute, uandike juu yake analolitaka yeye.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mwalimu wa shule ya msingi